Mgeni ni Kuku Mweupe: Usimulizi wa Safari katika Vilima vya Kaskazini-Mashariki ya India

1.0 Utangulizi

Masimulizi ya safari ni utanzu ambao haujashughulikiwa vya kutosha na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, licha ya kuwa lugha yenyewe ina hazina ya utanzu huo tangu zamani. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, yumo Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na mwajiri wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na ambaye aliwaeleza kwa Kiswahili watu aliokutana nao huko. Salim aliwatazama wenyeji, lakini mtu mweusi aliyepita katika nchi ile ya baridi hakuweza kuepuka kutazamwa naye. Waswahili wana methali inayoieleza hali hiyo kwa ufupi: mgeni ni kuku mweupe. Kuku mweupe huonekana na wote uani, hata pale anapodhani kuwa yeye ndiye anayechungulia.

Makala haya yanakusudia kuitumia methali hiyo kuchunguza maandishi yanayohusu ziara katika vilima vya kaskazini-mashariki ya India, hasa vilima vya Wanaga na bonde la mto Siang wanakoishi Waadi. Vitabu viwili vya wageni, The Naked Nagas (1939) cha Christoph von Fürer-Haimendorf na Naga Path (1950) cha Ursula Graham Bower, vitalinganishwa na kazi za wenyeji watatu, yaani Temsula Ao, Easterine Kire na Mamang Dai. Hoja inayotetewa ni kwamba umbali wa vilima hivyo, ambao wageni wengi huutaja kana kwamba ni sifa ya ardhi kama ulivyo urefu au mvua, hutokana zaidi na mahali anaposimama msimulizi. Kilima hakiko mbali na mtu aliyezaliwa juu yake. Umbali huo wa kusimuliwa umekuwa na matokeo katika sheria, katika vita na katika maisha ya watu, na hiyo ndiyo sababu uhakiki hauna budi kuupima.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki suala hili si geni. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwemo wa King's African Rifles, walipita katika vilima vya mpaka wa Manipur wakielekea Bonde la Kabaw nchini Burma. Waruhiu Itote, aliyepata kujulikana baadaye kama Jenerali China, aliusimulia utumishi wake wa Burma katika Mau Mau General (1967). Vijana hao wa Kiafrika nao walikuwa wageni katika milima ya watu wengine, wakiwa wametumwa huko na dola ile ile iliyowaandika wao wenyewe kuwa ni watu wa pembezoni.

2.0 Mstari na Jina

Kabla ya kuvitazama vitabu vyenyewe, ni vyema kueleza mazingira yaliyovizaa. Kanda ya kaskazini-mashariki imeunganishwa na India nyingine kwa ukanda mwembamba wa ardhi karibu na Siliguri, ambao katika sehemu yake finyu kabisa una upana wa kilomita 20 hivi. Mwaka 1873 serikali ya kikoloni ilitunga kanuni iliyochora kile kilichoitwa Mstari wa Ndani, na kupiga marufuku raia wa Kiingereza kuuvuka bila kibali. Watawala walitaka kudhibiti biashara na kupunguza ugomvi kati ya walowezi wa mashamba ya chai na watu wa milimani. Mstari huo haukufutwa na uhuru wa mwaka 1947. Mpaka sasa Mhindi wa majimbo mengine huhitaji kibali ili aingie Arunachal Pradesh, Nagaland au Mizoram, na mwaka 2019 Manipur nayo iliongezwa. Wapo wenyeji wengi wanaoutetea mstari huo kwa kuwa huilinda ardhi yao isinunuliwe na wageni. Hata hivyo, kwa upande wa usimulizi, athari yake ni dhahiri: kila msafiri aliyeandika kuhusu vilima hivi alianza kwa kuvuka mstari, na masimulizi yake yakachukua umbo la mtu anayetoka ndani ya dunia kwenda nje yake.

Majina nayo yalifanya kazi hiyo hiyo. Waadi wa bonde la Siang waliitwa Abor na watu wa bondeni Assam, neno lililobeba maana ya watu wasiotawalika, na Waingereza wakalichukua na kulitia katika ramani na katika ripoti za kijeshi. Mtu aliyepewa jina la mkaidi hana haja ya kufanya ukaidi wowote ili aadhibiwe. Jina limekwisha kumshitaki.

3.0 Mgeni Mwenye Kalamu

Fürer-Haimendorf, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Vienna, alifika katika vilima vya Wanaga mwaka 1936 na kukaa miongoni mwa Wakonyak katika kijiji cha Wakching. Hakuwa mtalii wa siku mbili. Alikaa, akauliza, akapiga picha, akaandika, na maelezo yake kuhusu nyumba za vijana wa kiume, matabaka ya watemi na kalenda ya kilimo yamebaki kuwa kumbukumbu muhimu hadi kwa Wanaga wenyewe. Haitakuwa haki kumhesabu pamoja na wasafiri waliopita njiani tu na kisha kuandika walichokiota.

Hata hivyo, kichwa cha kitabu chake kinamwita Mnaga kuwa ni mtu aliye uchi. Ni kweli kwamba baadhi ya Wakonyak wa wakati ule walivaa kidogo sana. Lakini Wanaga kwa jumla ni mafundi wa kufuma, na shuka zao zina rangi na michoro inayoeleza ukoo, cheo na sifa alizojipatia mvaaji. Kwa mwenyeji, shuka ni maandishi. Kumwita aliyeivaa kuwa yu uchi ni kukataa kuyasoma maandishi hayo, na ni kumuahidi mnunuzi wa kitabu huko Ulaya kwamba atakachokiona ni mwili na wala si hati.

Mfano mkubwa zaidi umo katika sehemu ya kitabu inayosimulia msafara wa kuadhibu uliopelekwa Pangsha mwaka 1936. Mkuu wa wilaya, J. P. Mills, aliuongoza msafara huo dhidi ya kijiji kilichoshutumiwa kwa kuteka watu na kuwafanya watumwa. Mwanaanthropolojia alifuatana nao. Kijiji kilichomwa moto. Usimulizi wa sehemu hii umejaa msisimko wa safari: njia zisizojulikana, mizigo ya wapagazi, hatari ya kushambuliwa, kisha nafuu ya kurejea salama. Msomaji huwekwa ndani ya safu ya msafara na kupanda mlima pamoja nao. Kutoka hapo kijiji ni shabaha, na watu wake ni vivuli vinavyokimbia. Aliporejea Wakching, mgeni huyu alikuja na vichwa vilivyotwaliwa huko, na wenyeji wake wakavipokea kwa sherehe za ushindi. Kinaya cha tukio hili ni kikubwa kuliko mwandishi anavyokiri. Serikali iliyopiga marufuku uwindaji wa vichwa ndiyo iliyofungua njia ya vichwa hivyo kupatikana, na mtafiti aliyekuja kuiandika mila akawa mshiriki wake. Katika tukio hilo kuku mweupe ameonekana wazi. Wakonyak walimwona kuwa ni shujaa aliyerudi na nyara, na wakampa nafasi katika simulizi yao wenyewe, ilhali yeye aliendelea kudhani kwamba ndiye peke yake anayesimulia.

Graham Bower ni mgeni wa aina nyingine. Alikuja kwa matembezi mwaka 1937 akiwa binti asiye na shahada wala cheo, kisha akarudi na kuishi miongoni mwa Wazeme katika kijiji cha Laisong. Vita Vikuu vya Pili vilipofika mpakani aliwaongoza wapelelezi wa Kinaga dhidi ya Wajapani. Naga Path kina upole na ucheshi usiopatikana katika The Naked Nagas. Wahusika wake wana majina, wana hasira na mizaha, na mwandishi hujicheka mwenyewe mara kwa mara. Njaa ya wenyeji aliiona kwa macho yake na aliwatetea mbele ya maofisa. Methali ya Waswahili kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu inamfaa, kwa kuwa jembe hilo alilipokea.

Pamoja na hayo, kiini cha kitabu hiki ni jambo ambalo mwandishi hakulitafuta. Baadhi ya Wazeme waliamini kwamba yeye ni Gaidinliu aliyewarudia. Gaidinliu hakuwa mzimu. Alikuwa msichana wa Kirongmei, jamii iliyo jamaa ya Wazeme, kiongozi wa harakati za kidini na za kupinga ukoloni zilizoanzishwa na jamaa yake Jadonang, ambaye Waingereza walimnyonga mwaka 1931. Yeye mwenyewe alikamatwa mwaka 1932 akiwa na umri wa miaka 16 hivi, akahukumiwa kifungo cha maisha, na hakuachiliwa hadi mwaka 1947. Kwa hiyo, katika miaka ile ile ambayo mgeni alipokewa kwa heshima ya nabii, nabii mwenyewe alikuwa gerezani kwa amri ya serikali ya taifa la mgeni. Mwandishi anakieleza kisa hicho kwa mshangao na hata kwa aibu kidogo, lakini hakigeuzi kuwa swali. Umbo la kitabu haliruhusu. Masimulizi ya nafsi ya kwanza yanahitaji msafiri awe mhusika mkuu, na mhusika mkuu wa kweli wa mkasa huo hangeweza kuingia katika kitabu bila kumwondoa msimulizi katikati ya jukwaa. Wema wa msafiri, basi, hautoshi kubadilisha mtazamo. Utanzu wenyewe una upande.

4.0 Umbali Huanzia Wapi?

Kinyume cha usimulizi huo kinaonekana mara mwenyeji anaposhika kalamu. Katika These Hills Called Home: Stories from a War Zone (2006), mkusanyiko wa hadithi fupi wa Temsula Ao, imo hadithi iitwayo "The Journey". Msafiri wake ni msichana anayerudi katika shule ya bweni kwa miguu akiwa na kaka yake. Njia ni ile ile ya milima ambayo wageni waliiandika kwa maneno ya ushujaa. Hapa haina ushujaa wowote. Ina uchovu, miguu inayouma na uzito wa kuacha nyumba. La kuzingatiwa ni mwelekeo wake. Kijiji ndicho kitovu, na shule iliyo upande wa bondeni ndiyo iliyo mbali. Bila hotuba na bila kumtaja mwanaanthropolojia yeyote, Ao ameipindua ramani.

Easterine Kire anakwenda hatua zaidi katika When the River Sleeps (2014), riwaya iliyopata tuzo ya The Hindu mwaka 2015. Vilie, mwindaji mpweke, anafunga safari kutafuta mto unaolala, ili apate jiwe la moyo linaloaminika kumpa nguvu anayelinyakua kabla ya maji kuamka. Kwa muundo hii ni safari ya ngano, yenye vikwazo, wasaidizi na kitu cha thamani mwishoni. Lakini msafiri huyu anaijua misitu kwa majina yake. Anajua majani yapi hutibu jeraha, wapi mizimu inakaa, na adabu gani inampasa anapobisha mlango wa mtu jioni. Kila anapopewa mahali pa kulala anadaiwa kitu: ukweli, kazi au ulinzi. Msitu kwa Vilie una hatari nyingi, ila hauna ugeni. Tofauti hiyo ni ya msingi. Msafiri wa kikoloni huhesabu kila asichokijua kuwa hakijulikani na mtu yeyote, na kwa hiyo huita ugunduzi kile ambacho mwindaji wa Kinaga huita njia ya kwenda kwa jirani.

Kuhusu kalamu yenyewe, wenyeji wana maelezo yao. Wanaga wa Ao husimulia kisasili kwamba zamani walikuwa na maandishi yaliyochorwa juu ya ngozi, ngozi ikatundikwa ukutani, mbwa akaitafuna, na tangu siku hiyo ikawapasa watu kuhifadhi kila kitu kwa kumbukumbu na kwa ulimi. Msafiri anayesikiliza kwa haraka atakichukua kisasili hiki kuwa ni kichekesho. Kwa hakika ni hoja nzito. Kinasema kwamba kukosa maandishi ni ajali ya kihistoria, wala hakutokani na upungufu wa akili, na kinaiweka fasihi simulizi katika daraja la hati iliyonusurika.

5.0 Mwenyeji Anapomtazama Mgeni

Mamang Dai, mwandishi wa Kiadi kutoka Arunachal Pradesh, ndiye aliyeufanya ugeni kuwa dhamira yake kuu. The Legends of Pensam (2006) ni kitabu kigumu kukipanga katika utanzu mmoja: kina umbo la riwaya, lakini kimeundwa kwa visa vilivyofumana, vingine vya kisasili na vingine vya juzi. Neno pensam katika Kiadi lina maana ya mahali pa katikati. Msimulizi wake yuko katikati kwelikweli. Ni mzawa wa kijiji aliyehamia mjini, na anarudi nyumbani akifuatana na Mona, rafiki mgeni mwenye jarida linalokusanya visa vya kweli vya dunia.

Kwa mbinu hii Dai ameweka ndani ya kitabu chake msafiri wa aina ile ile iliyoandika vitabu vya awali, ila amemnyima usimulizi. Mona anauliza maswali, anashangaa, anaguswa. Msomaji humwona akifanya hivyo kwa jicho la mwenyeji, na mara nyingi jibu analopewa huwa fupi kuliko jibu ambalo msimulizi anamnong'oneza msomaji. Yako mambo ambayo mgeni haambiwi. Ukimya huo ni haki ya mwenyeji, na Dai anaitumia kwa ustadi mkubwa.

Kilele cha uchunguzi huu ni ngoma ya ponung. Mwezi Machi mwaka 1911 afisa wa kisiasa wa Kiingereza, Noel Williamson, aliuawa katika kijiji cha Komsing, na daktari aliyefuatana naye, Gregorson, akauawa Pangi. Jibu la serikali lilikuwa msafara mkubwa wa kijeshi wa mwaka 1911 na 1912. Katika kumbukumbu za kikoloni tukio hilo ni mauaji ya msafiri asiye na hatia yaliyofanywa na washenzi. Katika kitabu cha Dai tukio lile lile linarudi kwa wimbo na kwa hatua za wacheza ngoma, wakiongozwa na miri, manju wa jamii. Mgeni mweupe anayepanda kilima anaonekana kutoka juu. Anasogea, anakua, hatua zake zinahesabiwa na watu ambao hawakumwalika. Ngoma hiyo haifichi kwamba damu ilimwagika, wala haisherehekei mauaji kijuujuu. Inachofanya ni kumrudisha kuku mweupe uani, akiwa katikati ya macho yanayomwona.

Katika The Black Hill (2014), Dai anaichukua mbinu hiyo na kuipa upana wa riwaya ya kihistoria. Padre Nicolas Krick, mmisionari Mfaransa, aliuawa mwaka 1854 pamoja na mwenzake Augustin Bourry katika njia ya kwenda Tibet, na lawama ikamwangukia mtemi wa Kimishmi. Padre alijua kuandika na aliacha maandishi. Aliyelaumiwa hakuacha. Dai anambunia Kajinsha nyumba, mke, mapenzi na mashaka, na kwa njia hiyo anampa mshitakiwa haki ya kusema ambayo kumbukumbu ilimnyima. Krick naye hakugeuzwa kuwa zimwi. Ni mtu mwenye imani, mkaidi, anayependa milima ambayo haimhitaji. Usawa huo wa huruma ndio unaoitenga riwaya hii na fasihi ya kulipiza kisasi.

6.0 Mgeni Mwenye Bunduki

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mgeni wa vilima hivi alikoma kuja mwaka 1947. Wanaga walitangaza uhuru wao tarehe 14 Agosti mwaka huo, siku moja kabla ya India, na tangu miaka ya 1950 vita vikatanda kati ya wapiganaji wao na jeshi la dola mpya. Mwaka 1958 bunge la India lilipitisha sheria ya mamlaka maalumu ya majeshi, iliyowaruhusu wanajeshi katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya fujo kutumia silaha hata kufikia kuua, na kuwakinga wasishitakiwe bila idhini ya serikali kuu.

Hadithi ya Ao iitwayo "The Last Song" inamsawiri mgeni huyu mpya. Siku ya kuzindua kanisa jipya, askari wanakizingira kijiji. Apenyo, msichana mwenye sauti iliyoifurahisha jamii nzima, anaendelea kuimba wakati watu wanatawanyika. Kapteni anambaka, na mama yake Libeni anayemfuata anapatwa na yayo hayo. Wote wawili wanauawa, na kanisa la zamani linateketezwa pamoja na waliokuwamo. Inafaa kuisoma hadithi hii sambamba na kisa cha Pangsha. Tendo linafanana: safu ya watu wenye silaha inaingia kijijini, moto unawashwa, safu inaondoka. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Katika kitabu cha mwaka 1939 moshi unatazamwa kwa nyuma, kutoka njia ya kurudia. Katika hadithi ya Ao msomaji yumo ndani ya moshi.

Mwishoni inadhihirika kwamba kisa kizima kimesimuliwa na bibi mzee kwa vijana, usiku wa baridi wa Desemba, karibu na moto. Mbinu hii ya hadithi ndani ya hadithi inatoka moja kwa moja katika fasihi simulizi, nayo inazidi pambo. Inamtambulisha msikilizaji anayekusudiwa. Fürer-Haimendorf aliwaandikia watu wa Ulaya ambao hawakuwako. Bibi anawasimulia wajukuu wa waliokuwako, na msomaji wa nje anaruhusiwa kusikia kwa kuazima tu.

Ao hawapambi watu wake. Wazee wa kijiji katika hadithi hii wanakataa maiti za Apenyo na Libeni zisizikwe katika makaburi ya kawaida, kwa kuwa mila huvihesabu vifo vya namna hiyo kuwa vya nuksi. Mwandishi anakieleza kitendo hicho bila kupaza sauti, na msomaji anaelewa kwamba wahanga wameonewa mara ya pili, safari hii na watu wao. Mgeni angekiandika kama ushahidi wa ushenzi, na mtetezi asiye makini angekiacha. Ao amekiandika kama aibu ya nyumbani.

7.0 Mipaka ya Sauti ya Mwenyeji

Uhakiki wa haki hauna budi kukiri kwamba waandishi hawa nao wana vikwazo. Kwanza, kazi hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Lugha hiyo ndiyo daraja kati ya jamii nyingi za eneo hilo zisizoelewana kwa lugha zao za asili, na ndiyo inayowafikisha kwa wachapishaji wa Delhi. Lakini pia ndiyo lugha ya Mstari wa Ndani na ya ripoti za 1911. Mjadala huu unafahamika vyema nchini Kenya tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipouzua kwa nguvu katika Decolonising the Mind (1986), na hakuna suluhisho rahisi linaloweza kuletwa kutoka Limuru hadi Kohima. La kusisitiza ni kwamba bibi wa "The Last Song" hangeisimulia hadithi yake kwa Kiingereza, na kitabu hakiwezi kulificha pengo hilo.

Pili, Dai huvutwa na uzuri wa ukungu na mito kiasi kwamba sehemu kadhaa za The Legends of Pensam hukaribia ulimbwende ule ule wa wageni. Barabara, ukataji wa misitu na siasa za jimbo lililoundwa mwaka 1987 vimo, lakini hupita kama kivuli cha wingu. Mona naye amechorwa kwa wepesi: anatumika kama sikio zaidi kuliko mtu. Kama mgeni wa zamani alimfanya mwenyeji kuwa bapa, haifai mwenyeji naye amlipe kwa sarafu hiyo hiyo. Katika The Black Hill kosa hilo limesahihishwa, jambo linaloonyesha kukua kwa mwandishi.

Tatu, mzawa aliyesoma na kurudi kijijini ni mgeni kwa kiasi fulani. Dai amelikubali jambo hili na kulijengea kitabu kizima. Neno pensam linamhusu msimulizi mwenyewe kuliko linavyouhusu msitu.

8.0 Hitimisho

Siku hizi ziara katika vilima vya Wanaga hupangwa na mashirika ya utalii. Tangu mwaka 2000 sikukuu ya Hornbill hufanyika kila Desemba mahali paitwapo Kisama, karibu na Kohima, na wageni huja kuona ngoma, mashuka na nyumba za vijana zilizojengwa upya kwa ajili ya maonyesho. Wengi huendelea hadi wilaya ya Mon kuwapiga picha wazee wa Kikonyak wenye chanjo usoni. Kijiji cha Wakching kimo katika wilaya hiyo.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Mon, jioni ya tarehe 4 Desemba 2021, sikukuu ikiwa inaendelea Kisama, kikosi maalumu cha jeshi kililifyatulia risasi gari lililowabeba wachimbaji wa makaa ya mawe karibu na kijiji cha Oting, na kuwaua sita. Wanakijiji wengine waliuawa katika ghasia zilizofuata, hata idadi ya raia waliokufa ikafikia 14. Serikali ilieleza kwamba wachimbaji walidhaniwa kuwa waasi. Siku za sikukuu zilizosalia zilifutwa. Wachimbaji hao hawakuwa wasafiri. Walikuwa wakirudi nyumbani Jumamosi baada ya kazi, katika njia waliyoijua tangu utotoni, na bado mwenye bunduki aliwaona kama watu wasiojulikana mahali pasipojulikana.

Hapo ndipo uzito wa suala la usimulizi unapoonekana. Hakuna kitabu kilichofyatua risasi Oting, na mwanaanthropolojia wa mwaka 1936 hahusiki na amri iliyotolewa mwaka 2021. Lakini jicho linalomwona mwenyeji kuwa kivuli njiani lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa katika masimulizi ya safari yaliyosomwa kwa burudani. Ao, Kire na Dai wamemrudishia mtu huyo jina, mlango na mekoni pake. Msomaji anayekusudia kuvizuru vilima hivyo, kwa miguu au kwa kitabu, atafaidika akianza na hao watatu kabla ya kuwafungua Fürer-Haimendorf na Graham Bower. Hapo ataingia uani akijua kwamba ameonekana, na ataamkia kabla ya kutazama.